Uzi: Unajuaje wingu la gesi liko umbali gani ndani ya Njia Nyeupe, wakati wewe mwenyewe umo ndani yake?

#1 Kilimia_Angani

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa vimondo kuna mdau aliuliza swali likapita bila jibu: zile picha za Njia Nyeupe zenye mikono iliyojikunja zinatoka wapi, ikiwa hakuna chombo kilichowahi kutoka nje ya galaksi yetu kikageuka kuipiga picha? Nimeona lisife hivihivi.

Hakuna aliyepiga picha. Zile ni ramani zilizochorwa, na kwa miaka mingi ziliegemea kipimo kimoja tu: kasi ya gesi. Nataka tuelewane kasi inageukaje kuwa umbali, na ni wapi kipimo hiki kinadanganya, maana kinadanganya vibaya sehemu fulani.

Tatizo lenyewe kwanza. Mwezi wa saba au wa nane, toka nje mahali pasipo na taa, tazama juu upande wa kusini kwenye kundinyota la Mshale. Huko ndiko kitovu cha galaksi kiliko. Kwetu huku karibu na ikweta kinapanda juu sana, wenzetu wa Ulaya wanakiona kimelala karibu na upeo. Ndani ya ule mkanda mweupe utaona mabaka meusi. Usidhani ni matundu yasiyo na nyota. Ni vumbi. Vumbi hilo linaziba mwanga wa kawaida kiasi kwamba ukitazama kando ya bapa la galaksi, darubini ya macho inaishia miaka ya nuru elfu chache, wakati kitovu kiko kama miaka ya nuru 26,600 kutoka tulipo. Kwa hiyo nyota zilizo mbali kwenye bapa hatuzioni, na hata mikono hatuioni.

Redio ndiyo iliyotoboa. Mwaka 1944, Uholanzi ikiwa imekaliwa na Wajerumani, mwanafunzi kijana Hendrik van de Hulst alipewa kazi na mwalimu wake Jan Oort: tafuta kama kuna mstari wowote wa redio unaoweza kutoka kwenye gesi ya angani. Akaupata kwa hesabu. Atomu ya hidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, na elektroni ikigeuza mzunguko wake ukawa kinyume na ule wa protoni, atomu inaachia wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, masafa ya megahezi 1420.4. Atomu moja peke yake inaweza kukaa kama miaka milioni 11 kabla ya kufanya hivyo mara moja. Lakini hidrojeni iliyomo kwenye galaksi ni nyingi mno, hivyo kila sekunde wimbi hilo linatufikia kutoka kila upande.

Tarehe 25 Machi 1951 Harold Ewen na Edward Purcell walilinasa pale Harvard, kwa faneli ya mbao iliyobandikwa shaba na kutolewa dirishani. Mei mwaka huohuo Waholanzi nao wakalinasa Kootwijk, kwa dishi la rada la mita 7.5 ambalo Wajerumani waliliacha baada ya vita. Waaustralia Christiansen na Hindman wakafuata. Vumbi halilizuii wimbi hili hata kidogo. Kwa mara ya kwanza binadamu akaona galaksi yake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Ila redio haikuambii umbali. Inakuambia upande na kasi tu. Kasi tunaipata hivi: bodaboda ikija kwako mlio wake unakuwa mwembamba, ikishakupita unakuwa mzito. Wimbi la hidrojeni ni hivyohivyo. Gesi inayotukimbia masafa yake yanashuka, inayotujia yanapanda. Kila kilomita moja kwa sekunde inasogeza masafa kwa kilohezi 4.7 hivi, na hilo ni badiliko ambalo mtambo wa kawaida unalisoma bila shida.

Sasa kasi igeuke umbali. Hapo ndipo utamu ulipo. Nitaendelea nikishakula, ila maswali yaanze.

#2 Mwana_wa_Mzizima

Nimeweka kambi hapa. Mkuu usitukimbie kama yule wa uzi wa mashimo meusi.

#3 Mjukuu_wa_Pwani

Shukrani sana mkuu. Swali langu: Dunia inalizunguka Jua, Jua nalo linatembea, gesi inatembea. Ukipima kasi, umejuaje ni ya nani?

#4 Kilimia_Angani

@Mjukuu_wa_Pwani swali zuri. Mwendo wa Dunia kulizunguka Jua unajulikana vizuri sana, ni kilomita 30 hivi kwa sekunde, na mwelekeo wake kwa kila siku ya mwaka uko kwenye majedwali. Unautoa. Jua nalo lina mwendo wake mdogo wa pembeni ukililinganisha na nyota majirani. Huo nao unatolewa. Kinachobaki ni kasi ya gesi ukiwa kama umekaa mahali petu ndani ya galaksi, unazunguka kitovu kwa duara safi.

Tunazunguka kwa kilomita 236 hivi kwa sekunde. Jambo la ajabu, ambalo ndilo linalowezesha kazi yote hii, ni kwamba gesi iliyo karibu zaidi na kitovu na ile iliyo mbali nacho zote zinakwenda kwa kasi inayokaribiana na hiyo hiyo, ukiacha eneo la katikati kabisa. (Kwa nini za nje hazipungui mwendo kama sayari za nje zinavyopungua, hilo ni suala la maada ya giza. Linahitaji uzi wake.)

Chukueni karatasi, rula, bikari na kipimapembe. Nasema kweli, chukueni. Hili jambo linaeleweka kwa mkono kuliko kwa maneno.

Weka nukta juu ya karatasi, iite Kitovu. Shuka sentimita 8.15, weka nukta nyingine, iite Jua. Kila sentimita ni kiloparseki moja, yaani miaka ya nuru 3,260 hivi. Kutoka kwenye Jua chora mstari mrefu unaofanya pembe ya digrii 31 na mstari wa kwenda Kitovuni, upande wa kushoto. Sijachagua pembe hiyo kwa kubahatisha. Huko kuna W43, mojawapo ya viwanda vikubwa vya nyota katika galaksi yetu, mawingu makubwa ya gesi yanayozaa nyota kwa wingi. Hasa ni digrii 30.8.

Gesi ya W43 inatukimbia kwa kilomita 95 hivi kwa sekunde. Hicho ndicho kipimo chote tulichonacho.

Sisi wenyewe, katika kuzunguka kwetu, tuna sehemu ya mwendo inayoelekea upande ule wa mstari. Kwa pembe hiyo ni kilomita 121 kwa sekunde. Kama gesi inazidi kutuacha kwa 95, basi mwendo wake halisi kwenye mstari huo ni 121 na 95, jumla 216. Lakini mwendo wake kamili ni 236. Kwa hiyo karibu mwendo wote umelala kwenye mstari wetu wa kuangalia, umebaki kidogo tu wa pembeni. Ni duara gani, ukilikata kwa mstari ule, linatoa uwiano huo? Hesabu inaleta duara la nusukipenyo 4.56.

Fungua bikari sentimita 4.56, weka ncha kwenye Kitovu, zungusha.

Umeona? Duara limeukata mstari MARA MBILI. Mara ya kwanza kwenye sentimita 5.2 kutoka Jua, mara ya pili kwenye 8.8. Yaani W43 iko ama miaka ya nuru kama 16,800 au kama 28,800. Kasi ni ileile sehemu zote mbili, na mtambo wako, uwe wa bei gani, hauwezi kukuambia ni ipi.

#5 Mwana_wa_Mzizima

Nimechora. Nimepata 5.1 na 8.9, nadhani kalamu yangu butu. Mkuu hii kitu imenisisimua sana. Lakini sasa tumekwama si ndiyo?

#6 Mwalimu_Fizikia

Nifundishaye kidato cha tano na cha sita niongezee. Wasomaji wachore pia mstari wa wima kutoka Kitovu kuugonga ule mstari wa kuangalia kwa pembe mraba. Utaugonga kwenye sentimita 7.0 kutoka Jua, na kutoka Kitovu hapo ni 4.17. Hiyo nukta ni ya pekee: duara linaugusa mstari mara moja tu, na mwendo wote wa gesi uko kwenye mstari. Kasi yake kwetu ni 236 kutoa 121, yaani 115. Katika upande huo hakuna gesi inayozunguka kwa utaratibu itakayokukimbia zaidi ya hapo.

Hili linasaidia kinyumenyume: angalia kila upande, soma kasi kubwa kuliko zote inayoonekana, na hapo unajua gesi hiyo iko wapi bila utata. Ukifanya hivyo kwa kila pembe kutoka kitovuni hadi digrii 90 unapata jinsi galaksi inavyozunguka kwa kila umbali. Waholanzi walianzia hapo.

#7 Kilimia_Angani

Asante Mwalimu, hilo nilikuwa nalijia.

@Mwana_wa_Mzizima hatujakwama kabisa. Njia ya kwanza waliyotumia miaka ya 1950 ni unene. Tabaka la gesi kwenye bapa lina unene unaokaribiana, hivyo likiwa mbali litaonekana jembamba na likiwa karibu litaonekana limetanuka juu na chini. Inafanya kazi, ila kwa kubabaisha.

Njia bora ni kivuli. Maeneo kama W43 yana gesi ya moto inayotoa redio yenyewe. Gesi baridi ya hidrojeni iliyo MBELE yake inanyonya redio hiyo kwenye kasi yake, na unaona pengo kwenye grafu inayoonyesha nguvu ya redio kwa kila kasi. Gesi iliyo NYUMA haiwezi kunyonya kitu. Sasa kama W43 ingekuwa kule mbali kwenye 8.8, mstari wetu ungekuwa umepita kwenye ile nukta ya Mwalimu, na ungeona pengo hadi kilomita 115. Kama iko karibu, kwenye 5.2, mapengo yataishia karibu na 95 yenyewe. Kwa W43 jibu ni la karibu.

Nawaomba mlitazame hilo kwa utulivu. Kitu ambacho hakionekani kwa jicho, kiko miaka ya nuru elfu kumi na kitu, tumejua kiko upande upi wa nukta ya kufikirika kwa kuangalia kivuli kinaishia wapi kwenye grafu.

#8 Kaka_Mdadisi

Mkuu heshima kwako, lakini mimi bado sijaridhika. Mnasema gesi "inazunguka kwa duara safi". Nani kaithibitisha? Gesi ni gesi. Inasukumwa na nyota zinazolipuka, inavutwa na mikono. Mkikosea hapo, umbali wote umekosewa. Naona ni hesabu za mezani hizi.

#9 Kilimia_Angani

@Kaka_Mdadisi umegonga palepale, na ni jambo ambalo vitabu vingi vinalipita haraka.

Mwaka 1958 Oort, Frank Kerr na Gart Westerhout walitoa ramani maarufu ya hidrojeni ya galaksi nzima, nusu ya kaskazini imepimwa Uholanzi na nusu ya kusini Australia. Ni kazi kubwa mno kwa zama zile, na imenifanya niwaheshimu maisha yangu yote. Lakini ukiitazama unaona mambo mawili ya kutia shaka. Nusu mbili hazikukubaliana sawasawa walipozipima mwendo wa mzunguko. Kerr akapendekeza kwamba sisi wenyewe tunasogea nje kwa kilomita 7 kwa sekunde ili zikae sawa. Na baadhi ya mawingu yanaonekana kama vidole virefu vinavyonyoosha kuelekea kwetu, kana kwamba galaksi inajua Jua liko wapi. Galaksi haijui. Wingu lenye msukosuko wa ndani lina gesi ya kasi mbalimbali, na ukigeuza kila kasi kuwa umbali unalivuta wingu hilo kama mpira kwenye mstari wa kuangalia.

Sasa madhara yake ni kiasi gani? Rudi kwenye karatasi yako. Kama W43 ingesomeka kilomita 101 badala ya 95, tofauti ya 6 tu, bikari ingeukata mstari kwenye 5.5 badala ya 5.2. Ikiwa 105, ingekuwa 5.7. Ikiwa 85, ingekuwa 4.7. Na gesi kupotoka kwa kilomita 10 kutoka kwenye duara ni jambo la kila siku.

Hapo ni upande mzuri. Upande mbaya ni huu. Kuna eneo linaitwa W3(OH), kwenye mkono wa Perseus, digrii 134 kutoka kitovuni, yaani nje ya duara letu. Huko nje duara linaukata mstari mara moja tu, hakuna utata wa karibu na mbali, kwa hiyo ungedhani mambo ni rahisi. Gesi yake inatujia kwa kilomita 45 hivi kwa sekunde. Kwa hesabu za zamani hiyo ilimaanisha zaidi ya kiloparseki 4, miaka ya nuru elfu 13 na ushei. Waliopima kwa mng'ao wa nyota zake walikuwa wakipata kama nusu ya hapo. Ubishi ukaendelea miaka mingi.

Mwaka 2006 timu ya Xu Ye, Mark Reid na wenzao wakaumaliza kwa paralaksi. Ndani ya W3(OH) kuna maseri za methanoli, vidoa vidogo vinavyotoa redio kali sana. Wakavifuatilia kwa VLBA, mtandao wa madishi kumi ya Marekani kutoka Hawaii hadi visiwa vya Karibi, karibu kilomita 8,000 mwisho hadi mwisho. Dunia inapolizunguka Jua, vidoa hivyo vinaonekana kuyumba kidogo ukivilinganisha na galaksi za mbali nyuma yake. Kuyumba kwenyewe: gawa digrii moja vipande milioni 3.6, chukua nusu ya kipande kimoja. Walipima hilo, na kwa usahihi mkubwa. Paralaksi haijali gesi inakwenda kasi gani. Ni jiometria tupu.

Jibu: kiloparseki 1.95. Miaka ya nuru kama 6,400. Kasi ya gesi ilikuwa imezidisha umbali mara mbili.

Sababu ni ileile uliyoisema. Kwa umbali wa kweli, gesi inayozunguka kwa utaratibu ingetujia kwa kilomita 26 hivi kwa sekunde. Inatujia kwa 45. Gesi ya sehemu ile ya mkono imepotoka kutoka kwenye duara kwa kilomita 20 hivi, inazunguka taratibu kuliko inavyopaswa na pia inaangukia upande wa kitovu. Na ukikosea umbali mara mbili, mng'ao unaoukadiria unakosea mara nne. Kila kitu kilichoandikwa kuhusu nguvu za nyota za pale kwa umbali wa zamani kililazimika kuandikwa upya.

#10 Kaka_Mdadisi

Sasa hapo nimekuelewa. Kwa nini basi bado wanaitumia hii ya kasi?

#11 Kilimia_Angani

Kwa sababu paralaksi inahitaji kitu kidogo kinachong'aa kama maseri, madishi kutoka pande nyingi za bara, na zaidi ya mwaka wa kufuatilia kitu kimoja. Hadi 2019 timu ya Reid walikuwa na maeneo karibu 200 kwa galaksi nzima. Mawingu ya gesi ni maelfu kwa maelfu. Kwa mengi kasi ndiyo pekee tuliyonayo.

Kilichobadilika ni nidhamu. Siku hizi zile paralaksi 200 ndizo zinazotoa 8.15 na 236 nilizowapa, pamoja na njia ya mikono yenyewe. (Zamani, tangu 1985, kiwango kilichokubalika kilikuwa 8.5 na 220. Makala ya zamani ukiyasoma kumbuka hilo, umbali wote ndani yake umepimwa kwa rula nyingine.) Halafu wingu jipya likija, kasi yake haiachiwi iamue peke yake. Inapimwa pamoja na swali: karibu na hapo kuna mkono? Kuna paralaksi ya jirani? Liko juu au chini ya bapa? Jibu linatoka kama uwezekano, na mtu mwaminifu anaandika upana wake.

Kwa W43 paralaksi ilileta 5.5, kosa linalowezekana la 0.4 hivi. Kasi ilituambia 5.2. Hapo mbinu ya kasi imesimama vizuri, na inastahili sifa yake. Kila upande wa galaksi ujulikane kwa tabia yake, hilo ndilo ninalolitetea. Nje kwenye Perseus usiiamini peke yake.

#12 Omolo_wa_Ziwani

Na ukiangalia moja kwa moja kitovuni? Au kinyume chake kabisa?

#13 Mwalimu_Fizikia

Hapo njia inakufa. Gesi yote inakatiza mbele yako kwa upande, haikujii wala haikukimbii. Iwe karibu au mbali, kasi utakayosoma ni karibu na sifuri. Kama digrii 15 kila upande wa kitovu, na 20 hivi kila upande wa kinyume chake, mtu asithubutu.

Na kuna zaidi. Ukielekeza dishi kitovuni kabisa unakuta gesi nyingi inayotujia kwa kilomita 53 kwa sekunde, wakati kwa duara safi ingepaswa kuwa sifuri. Waholanzi waliiona mwaka 1957 wakaiita mkono wa kiloparseki 3. Leo tunajua katikati ya galaksi kuna mhimili mrefu wa nyota unaovuruga njia za gesi, hazifuati duara kabisa. Mwaka 2008 Thomas Dame na Patrick Thaddeus wakaupata pacha wake upande wa pili, unaotukimbia kwa mwendo unaokaribiana na huo. Ilichukua miaka hamsini kuupata kwa sababu umejificha nyuma ya kila kitu.

#14 Kilimia_Angani

Naongezea kimoja, maana nakipenda sana. Mwaka 2017 Alberto Sanna, Reid na wenzao walichapisha paralaksi ya maseri moja iliyo digrii 7 na nusu tu kutoka kitovuni, eneo ambalo Mwalimu kasema njia ya kasi haitegemewi. Ilikuwa upande wa pili kabisa wa galaksi, kiloparseki 20.4. Miaka ya nuru zaidi ya 66,000.

#15 Omolo_wa_Ziwani

Ndugu zangu, na sisi huku tunahusika vipi? Nilisikia Longonot ilikuwa iwe darubini.

#16 Kilimia_Angani

Tunahusika sana. Paralaksi nyingi zimepimwa kutoka kaskazini: Marekani, Ulaya, Japani. Robo ya nne ya galaksi, upande wa Carina na Centaurus, iko kusini mno kwao, na ndiyo maana ramani mpya zina pengo kubwa upande huo. Huko bado tunategemea kasi ya gesi. Waaustralia wameanza kulijaza, lakini ili upime kwa usahihi unahitaji madishi yaliyo mbalimbali.

Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika katika SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio, na dishi kubwa la mawasiliano la Longonot ni miongoni mwa yale yaliyopangwa kugeuzwa darubini za mtandao wa Afrika, kama Ghana walivyoligeuza lao la mita 32 pale Kutunse. Afrika Kusini wana darubini ya redio ya Hartebeesthoek tayari. Tazama ramani: dishi la Bonde la Ufa karibu na ikweta, pamoja na Ghana na Afrika Kusini, linaona kusini na kaskazini kwa pamoja. Sioni sehemu nyingi duniani zenye nafasi hiyo. Ninatamani kwa moyo wote vijana wetu wawe miongoni mwa watakaolijaza pengo lile.

#17 fundi_antena

Wakuu nimesoma mwanzo mwisho. Niwaambie jambo: hii hidrojeni mnaweza kuinasa nyumbani. Mimi ni fundi wa madishi hapa Dar, tumeifanya na vijana wa mtaani.

Faneli tumeikunja kwa mabati mepesi, mdomo wake kama sentimita 70 kwa 60. Nyuma kuna debe la mstatili, ndani yake waya wa shaba wa sentimita 5 na kidogo, robo ya wimbi. Hapohapo kwenye waya unafunga kikuza ishara chenye kichujio cha 1420, usikiweke mbali, ukitanguliza kebo ndefu umeua ishara. Halafu kile kidude cha USB cha kupokea redio, laptopu, programu ya bure. Kikubwa ni uvumilivu: ishara ni dhaifu kuliko kelele za mtambo wenyewe, hivyo unaipima dakika kadhaa, unaelekeza faneli sehemu isiyo na Njia Nyeupe, unapima tena, unatoa ya pili kwenye ya kwanza. Kilichobaki ni galaksi.

Zima taa za LED na chaja za simu zilizo karibu. Mchana sawa, mawingu sawa, hayazuii.

Tulielekeza kaskazini kwenye nyota ya Deneb, digrii 80 kutoka kitovuni, tukapata vilima vitatu kwenye grafu. Baada ya kutoa mwendo wa Dunia na wa Jua, kimoja kiko karibu na sifuri, kimoja karibu na −40 (kilomita kwa sekunde, alama ya kutoa maana yake gesi inatujia), kimoja cha chini kabisa karibu na −80. Naomba mnisomee.

#18 Mjukuu_wa_Pwani

Fundi umetisha!! Weka picha ya faneli.

#19 Kilimia_Angani

@fundi_antena mkuu, hongera kwako na kwa vijana. Umeipima mikono ya galaksi kwa bati la dukani, na nakusomea kwa furaha kubwa.

Kilima cha sifuri usikipe umbali. Kwenye digrii 80 sehemu yetu ya mwendo ni 232 kati ya 236, hivyo gesi yote iliyo ndani ya duara letu upande huo, kutoka hapa jirani hadi kiloparseki karibu 3, inasomeka kati ya sifuri na 4. Imerundikana yote kwenye kilima kimoja.

Cha −40 kiko nje ya duara letu. Sehemu yetu 232, toa 40, inabaki 192. Duara ni 8.15 mara 232 gawanya kwa 192, unapata 9.8. Piga bikari, mstari wa digrii 80 unakatwa kwenye 7.1, miaka ya nuru kama 23,000. Huo ni mkono wa Perseus, uleule wenye W3(OH), ila ukiwa mbali zaidi. Na kwa kuwa tunajua gesi yake ina tabia ya kupotoka, kwa namba hiyo mimi ningeandika kati ya 5 na 8, si 7.1 ya kukata.

Cha −80, kwa hesabu hiyohiyo, duara ni 12.4 na umbali ni karibu 11. Miaka ya nuru 35,000 hivi, mkono wa nje.

Ombi langu: faneli yako inaona upana wa digrii 15 au 20, kwa hiyo W43 peke yake hutaitenga. Lakini ielekeze digrii 30 usiku mmoja, halafu soma kasi kubwa kuliko zote kabla grafu haijashuka hadi sifuri. Mwalimu kasema 115 kwa digrii 31; kwa 30 ni 118 hivi. Kwa upana wa faneli yako itamwagika juu kidogo ya hapo. Rudia kwa digrii 40, 50, 60, kila moja uisome ukingo wake.

#20 fundi_antena

Digrii 30 iko kwenye kundinyota la Tai, itakuwa juu mapema usiku kuanzia mwezi wa nane. Tutapima zote nne. Mwalimu, naomba ile hesabu ya ukingo uiandike hapa hatua kwa hatua, vijana waifanye wenyewe.

#21 Mwalimu_Fizikia

Naiandika. Pembe, saini ya pembe (sin kwenye kikokotoo), zidisha kwa 8.15 upate umbali wa ile nukta kutoka Kitovu. Zidisha saini hiyohiyo kwa 236 upate sehemu yetu. Jumlisha kasi ya ukingo mliyoisoma. Hiyo ndiyo kasi ya mzunguko wa galaksi kwenye umbali ule. Kwa digrii 30: umbali 4.1, sehemu yetu 118, na ukingo wenu juu yake. Wekeni pembe nne kwenye grafu moja, umbali chini, kasi pembeni, na muilete hapa.